Njia ya Mama wa Mashuka

Simu ilipoita, kioo kiliandika Mama, kwa hiyo Kitinda aliipokea huku anacheka. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri la bekari, aproni imejaa unga, trei ya mikate ikisubiri kutolewa. Mama yake alikuwa na tabia ya kupiga simu akiwa njiani ili alalamikie mchanga uliomjaa viatuni, utadhani kuna mtu aliyemtuma kutembea ufukweni.

"Haya, leo mchanga umekukosea nini tena?" alisema.

Upande wa pili ikajibu sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Samahani, dada. Mimi ni mtunzaji wa kikanisa cha mwambani. Huyu mama mwenye simu ni nani wako?"

"Ni mama yangu. Yuko wapi?"

"Yuko hapa kanisani." Mwanamke akashusha sauti. "Ametutoka, dada. Pole sana."

Kitinda hakupiga kelele. Alibaki ameshika simu sikioni hata baada ya yule mwanamke kukata, akitazama mlango wa tanuri, na mikate ikaungua mbele ya macho yake hadi mwenzake alipokuja mbio kumsogeza pembeni.

Jioni hiyo hiyo kaka yake mkubwa na mjomba wake walikwenda na gari la hospitali kumchukua marehemu. Waliporudi, mjomba, ambaye kazi yake ni kunyoa na ambaye hajawahi kukaa kimya mbele ya mtu hata akiwa na wembe mkononi, alikaa kwenye kiti cha mlangoni bila neno. Kaka ndiye aliyesimulia. Daktari amesema ni moyo. Mama alikutwa amepiga magoti, mikono na kichwa vimeegemea benchi la mbele, na alikuwa hivyo tangu mchana hadi jua linaelekea kuzama. Watu waliingia, watu walitoka. Wote walidhani anasali.

"Na mtunzaji?" aliuliza Kitinda.

"Naye alidhani anasali."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa," kaka alirudia. Neno hilo likamwingia Kitinda kama mwiba wa samaki kooni. Usiku ule kila aliyekuja kumpa pole alimwambia mama amekufa kifo kizuri, amekufa akiongea na Mungu wake, ni wangapi wanaopata neema hiyo. Yeye aliitikia asante, asante, lakini mwiba ulibaki pale pale.

Ili uelewe kwa nini, lazima umjue mama mwenyewe. Tangu ujana wake hadi alipostaafu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Ni chumba cha chini, hakina dirisha la maana, mvuke umejaa, mashine zinaunguruma hadi mtu anarudi nyumbani akiongea kwa sauti kubwa kama anagombana. Ndiyo maana mtaani Kitinda na kaka yake waliitwa watoto wa nyumba ya kelele. Mama alifua, akakausha, akapiga pasi mashuka ya watu ambao hakuwahi kuona nyuso zao, na watu wakamwita Mama wa Mashuka, jina ambalo hakulipenda wala kulikataa.

Sasa, mama alikuwa na jambo lake. Alikuwa anasema shuka halifichi kitu. Shuka la mgonjwa aliyefariki akiwa na mtu limekunjamana upande mmoja, pale ambapo mke au mtoto au jirani alikaa, akainuka, akakaa tena. Shuka la mgonjwa asiye na mtu limekunjamana katikati tu. Pembeni limenyooka kama lilivyotoka kabatini. Mashuka ya namna hiyo yalipofika chini, mama alikuwa anayatenga kidogo na kuwaombea wenyewe kabla ya kuyatumbukiza kwenye mashine. Wenzake walimcheka. "Wewe unazikia watu mashineni," walimwambia. Alijibu kwamba bora mashineni kuliko kutozikwa na mtu yeyote.

Alipostaafu akaanza kutembea. Pwani ile ina nyumba tatu za ibada za kale zilizofuatana kandokando ya bahari: gofu la kanisa lisilo na paa, kisha msikiti wa mawe wenye kisima, kisha kikanisa kidogo juu ya mwamba. Mtu mwenye miguu mizima akianza asubuhi na maji yakiwa yamekupwa, atafika mwisho mchana. Kila mwezi mama alikwenda peke yake, akiwaombea watu wa mashuka yaliyonyooka pembeni. Hakutaka kusindikizwa. Alisema ukitembea na mtu utaongea, na ukiongea utasahau uliwaendea akina nani.

Na huyo ndiye aliyekutwa amepoa kwenye benchi, hakuna ajuaye tangu lini.

Asubuhi ya siku ya pili Kitinda alitoka chumbani amevaa raba zake za kazini na kitambaa kichwani. Nyumba ilikuwa imeshajaa. Mama mdogo alikuwa akipanga viti.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Naenda kupita njia ya mama."

"Leo? Kitinda, watu wanakuja kukupa pole, wewe unakwenda kupunga upepo baharini?"

Kaka alitoka jikoni, simu mkononi, macho mekundu. "Kesho tunazika. Leo kuna jeneza, kuna kaburi, kuna padre wa kuonana naye. Unaniachia nani?"

"Yote hayo unayaweza, kaka, tena kunishinda mimi. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Kama kuna mtu aliyekuwa karibu na mama."

"Na ukijua hakuna?"

Kitinda aliinama akakaza kamba za raba. Mjomba akainuka kwenye kiti chake cha mlangoni, akaanza kutafuta viatu.

"Nakwenda naye," alisema. "Nikikaa hapa nitaanza kunyoa wageni bila kuombwa."

Walishuka ufukweni maji yakiwa yamejitoa mbali. Mchanga ulikuwa mgumu, umejaa mistari midogo ya kaa. Mjomba alitembea akihema, akisimama kila baada ya muda kujifanya anatazama bahari. Kitinda alitazama chini. Alijua ni upuuzi, maji yameshapanda na kushuka tangu jana, lakini alikuwa anatafuta alama za viatu vya mama.

Kwenye gofu la kanisa hapakuwa na mtu. Kuta zilisimama nene na nyeusi kwa kuvu, majani yameota pale zilipokuwa nguzo, na mbingu ndiyo iliyokuwa paa. Mjomba alivua kofia. Mahali pa altare palikuwa na jiwe limelainika juu kwa kushikwa na mikono ya watu wa miaka na miaka. Kitinda akaweka mkono wake hapo, akasali Baba Yetu, na alipofika kwenye utakalo lifanyike akasita. Mjomba akamalizia kwa ajili yake, kwa sauti ya chini, wakaendelea.

Mbele kidogo ukuta wa hoteli uliingia hadi mchangani, na mlinzi mmoja kijana alikaa kivulini kwenye kiti cha plastiki. Mjomba alimsalimu, akamweleza. Mlinzi akasimama haraka.

"Yule mama wa kofia ya ukili? Amefariki? Lakini jana amepita hapa."

"Alikuwaje?" aliuliza Kitinda. "Alikuwa mzima?"

"Mzima? Alinigombeza."

"Kwa lipi?"

"Kukaa. Aliniambia, wewe umewekwa hapa ulinde, wewe umelala unaota jua kama mjusi. Nikamwambia, mama, na mjusi naye ana kazi yake, anakula mbu. Akacheka hadi akashika ukuta." Mlinzi akaugeukia ukuta. "Alishika ukuta muda mrefu kidogo. Mimi nilidhani ni kicheko."

Kitinda alicheka kwa sababu aliisikia sauti ya mama yake ndani ya maneno yale, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakimaliza. Mlinzi akamsogezea kile kiti cha plastiki. Alikaa hapo hadi kilio kilipopungua, mjomba akimpigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Msikiti wa mawe ulikuwa nyuma ya kijichaka, sakafu yake imechakaa, kibla yake imechongwa maua ambayo chumvi ilikuwa inayala taratibu. Watu hawakuswali humo tena siku za kawaida, lakini palifagiwa. Aliyefagia alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti nene, na aliposikia habari waliyokuja nayo aliweka ufagio chini, akasema innalillahi, akarudia mara nyingi.

"Yule alikuwa dada yangu," alisema. "Sisemi kwa kutia chumvi. Anakuja, ananisalimu, anakaa pale kwenye ngazi ya kisima, nampa maji. Halafu ananiambia sakafu yangu haijapigwa deki vizuri. Namwambia, dada, huu msikiti umesimama kabla ya babu wa babu yako, haukungoja deki yako. Ananiambia, ndiyo maana umechakaa."

"Huyo ni dada yangu mimi," alisema mjomba. "Aliwahi kufua koti langu la harusi asubuhi ya harusi yenyewe. Nilifunga ndoa mabega yameloa."

Wanaume wawili wakacheka pamoja kwa unyonge. Kisha mtunzaji wa msikiti akamgeukia Kitinda, na uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, sitakuficha. Jana hakuwa sawa. Mama yako hakuwa mtu wa kukaa sana, lakini jana alikaa. Alikunywa maji, akaomba tena. Kamba ya kiatu ilifunguka akashindwa kuinama, akaniomba nimfungie. Nikamwambia, dada, nikuitie pikipiki urudi nyumbani?"

"Akasemaje?"

"Akasema, nikirudi watanilaza kitandani wanikodolee macho. Acha nikawamalizie watu wangu."

Kitinda aliinamisha kichwa. "Na wewe ukamwacha."

"Nilimsindikiza hadi pale mawe yanapoanza. Hapo akanifukuza. Unamjua."

Alimjua. Hapo ndipo hasira ilipoanza kutafuta pa kutua. Kumbe mama aliona dalili, na badala ya kurudi akaendelea mbele. Alitembea juu ya mawe na jua lile la mchana, moyo wake ukimpiga chenga, hadi akafika mahali penye mtu mmoja wa kumwangalia, na mtu huyo akamwangalia hadi akafa. Njia nzima kutoka msikitini hadi mwambani Kitinda alikuwa akipanga maneno. Alikuwa mtu wa sala, hakuzoea kuwaza mabaya, lakini siku hiyo aliyapanga kama anavyopanga mikate kwenye trei, moja baada ya lingine, bila nafasi katikati. Mjomba alimwona midomo inavyocheza.

"Mpwa wangu, unasali au unatukana?"

"Sijui, mjomba."

"Basi tupumzike hadi ujue."

Hawakupumzika.

Kikanisa kilikaa juu ya mwamba, ngazi za chini zimeliwa na mawimbi hadi zimebaki kama meno mabovu. Ndani palikuwa na mabenchi machache, sanamu ya Bikira iliyopauka, na madirisha mawili madogo yaliyotazama maji. Mtunzaji alikuwa mwanamke mwembamba, umri wake na wa Kitinda haupishani sana, amesimama kando ya mlango kama aliyekuwa anawangoja.

"Karibuni. Poleni kwa msiba."

"Wewe ndiye uliyenipigia," alisema Kitinda.

"Ni mimi, dada."

"Kwa nini hukumgusa?"

Yote aliyoyapanga njiani yalimezwa na swali hilo moja. Mwanamke alitazama sakafu.

"Niliwahi kumgusa," alisema. "Si jana. Zamani, nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii. Nilikuwa nataka kufunga mlango, nikamgusa bega nikamwambia, mama, muda umekwisha. Alinigeukia na macho yamejaa machozi. Akaniambia, mwanangu, ukimkuta mtu anaongea na Mungu usimguse. Hujui amefika kwa nani. Nilikuwa nimefika kwa mtu, sasa nimempoteza, lazima nianze upya. Akaanza upya kweli. Tangu siku ile sijawahi kumgusa mtu yeyote humu ndani. Hata nikichelewa kurudi kwangu, nangoja."

Mjomba alikohoa, akatoka nje. Kitinda alimsikia akipenga kamasi huko nje.

Aliyajua maneno hayo. Nyumbani kwao ndivyo walivyolelewa. Hata sufuria iungue, aliyepiga magoti haguswi. Mama aliwafundisha watoto wake, kisha akamfundisha na huyu mgeni, na somo lilikuwa limeshika vizuri.

"Nieleze jana," alisema. "Usiniachie kitu."

"Alifika amechoka. Alinisalimu, akasema leo mawe yameongezeka. Nikamletea maji akakataa, akasema ameshakunywa ya kisimani. Akapiga magoti pale. Baadaye wakaja wageni na kamera zao, nikawazuia, nikawaambia huyu mama anasali, msimpige picha, wakatoka kwa kunyata. Mimi nikachukua kitambaa cha altare kilichokuwa kimechanika, nikaja kukishonea karibu naye. Nilikuwa nimepanga akimaliza nimsindikize, kwa sababu maji yalikuwa yanapanda na hakuonekana wa kupita peke yake."

"Karibu naye wapi?"

Mwanamke akamwonyesha. Lilikuwa benchi lile lile ambalo mama aliliegemea.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia akinong'ona. Nilimsikia akivuta pumzi, ile ya mzee aliyepanda ngazi. Kisha sikusikia tena."

"Lini?"

"Sijui, dada. Nilikuwa nashona. Mungu ananiona, ningejua ni saa ile, ningemgusa hata kama angenifukuza humu milele." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Nilijua mwishoni. Upepo ulivuma, nikainuka nikafunge dirisha. Kumbe muda wote nilikuwa nimekalia ncha ya mtandio wake. Nilipoinuka nikauvuta, na yeye akaja nao, akaniinamia. Hapo ndipo nikamshika."

Kitinda alikaa kwenye benchi. Alipitisha kiganja kwenye mbao. Mtandio ule alikuwa ameuona jana usiku kwenye mfuko wa hospitali: wa bluu, umenyooka kote kwa pasi ya mama mwenyewe, isipokuwa pembe moja iliyokuwa imekunjamana. Alidhani ni wauguzi waliuvuruga.

Hakumsamehe yule mwanamke dakika ile, ikiwa kulikuwa na kitu cha kusamehe. Ndani yake bado palikuwa na sauti iliyosema, kama angeguswa mapema, kama angepelekwa hospitali. Sauti hiyo angeishi nayo, alilijua hilo. Lakini ule mwiba wa kwanza, ule wa mama kupoa peke yake kama watu wake, haukuwepo tena. Kulikuwa na mtu. Alikaa karibu hadi akamkalia nguo.

Mjomba akarudi ndani, macho yamevimba. Watatu wale wakapiga magoti, wakamwombea marehemu. Kitinda akaomba pia kwa ajili ya wale wa mashuka, maana hakujua mama alikuwa amefika kwa nani.

Walipokuwa wanaondoka alimwambia mtunzaji, "Kesho tunazika. Uje."

"Nitakuja. Nitasimama nyuma."

"Hapana. Utakaa na sisi."

Walizika siku iliyofuata mchana. Jeneza lilikuwa la mbao za kawaida, kaka ndiye aliyelichagua. Nyumbani watu walipita mmoja mmoja kumuaga marehemu, na zamu ya Kitinda ilipofika alimtazama mama yake usoni, akamwambia maneno ambayo hakumwambia mtu mwingine, akampisha mama mdogo. Kanisani padre hakuongea sana. Wafuaji wenzake wa zamani walikuja, wachache waliobaki, wakiongea kwa sauti kubwa bila kujitambua. Mtunzaji wa msikiti alikuja pia, akasimama na mjomba, na alipoombwa kushika upande mmoja wa jeneza alishika.

Makaburini ardhi ilikuwa ngumu na wachimbaji walikuwa hawajamaliza, kwa hiyo watu walisubiri juani. Kisha jeneza likashushwa kwa kamba, kaka akiwa kichwani, mjomba miguuni. Padre akabariki kaburi. Kaka akatupa udongo, akafuata Kitinda, akafuata mtunzaji wa kikanisa aliyekuwa amesimama katikati ya Kitinda na mama mdogo, kisha ndugu wengine. Wanaume wakachukua makoleo. Udongo ulipofika juu waliusawazisha, wakachomeka msalaba, wakaweka maua. Padre akasali sala ya mwisho, kaka akawashukuru watu kwa kuja na kuwaomba warudi nyumbani kula. Watu wakaanza kutawanyika kuelekea barabarani, na Kitinda na yule mtunzaji wa kikanisa wakawa wa mwisho kutoka.